Theoneste Kashaija na Zawadi Iliyouzwa Butura

Theoneste Kashaija, tunayemlaza leo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1987 Nyabiyonza, wilayani Karagwe, mtoto wa nne wa marehemu Nestory na mama Kemilembe. Alimaliza shule ya msingi mwaka 2002. Ada ya sekondari ilikosekana, akabaki kupalilia migomba na kukimbia.

Jumamosi ya tarehe 7 Julai 2012 alifunga ndoa na Mackrine wa Nyakatuntu, ambaye hakupata kusoma. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2014 Winston akawa wakala wake, wa kumtafutia mbio za marathoni. Kazi ya mbio haina mshahara. Mwenye jina hulipwa kwa kujitokeza tu. Asiye na jina, mpaka ashike nafasi. Yupo pia sungura, anayelipwa aongoze kasi hadi kilomita ya thelathini, kisha atoke. Theoneste alikuwa sungura miaka sita. Mara ya kwanza Mackrine alimwona kwenye televisheni ya dukani akiongoza, halafu akiacha mbio na kukaa pembeni. Aliporudi alimkuta mkewe amenuna.

"Umeacha mbio wewe ni wa kwanza? Nani kakuloga?"

"Mama Aine, nimelipwa niache."

"Basi nami nilipe niache kupika."

Theoneste alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 22 Oktoba 2023, huko Ulaya, alikimbia hadi mwisho akawa wa pili. Zawadi ilikuwa dola elfu nane, karibu milioni ishirini. Lakini zawadi hailipwi mpaka majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa yatoke, nayo hupitia kwa wakala, anayekata kumi na tano katika kila mia.

Desemba figo zake zilishindwa kazi. Kila alipohitaji kusafishwa damu, hospitali ilitaka fedha kwanza. Mackrine alimpigia Winston kila siku.

"Majibu bado, shemeji. Labda mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita utamkuta hai?"

"Basi niuzie. Chukua milioni tatu leo, zawadi ikitoka iwe yangu."

Mackrine hakushangaa. Kwetu kahawa huuzwa hivyo, butura, ingali maua mtini, na mwenye shida hupokea kidogo alichopewa. Theoneste alikuwa hajitambui. Tarehe 8 Januari 2024 Mackrine aliweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Tarehe 25 zawadi ililipwa. Fidele, aliyekimbia mbio zile zile, ndiye aliyemwambia kwamba majibu ya wote wawili Winston aliyapokea kabla ya Krismasi.

"Uliuza mwenyewe, shemeji," Winston alijibu alipoulizwa.

Milioni tatu zilisafisha damu mara kumi na mbili. Ng'ombe wawili waliongeza siku chache. Theoneste alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa tisa alasiri.

Ameacha mama yake Kemilembe, mjane wake Mackrine, na watoto wake Ainembabazi na Benjamin.

Theoneste alale kwa amani. Mkewe aliuza zawadi yake akidhani anamwokoa.