Mazatzin wa Atlixpan, Mtawala Aliyekwenda Kula kwa Kaka Yake

Ndugu na wageni mliovuka ziwa kuja kumsindikiza, ahsanteni. Marehemu Mtukufu Mazatzin alizaliwa hapa Atlixpan mwaka wa Sungura Tatu wa kalenda yetu, mtoto wa tatu wa Mtawala Acaxel.

Alisoma shule ya makuhani, ambako vijana wa ukoo wa kitawala walioga maji baridi alfajiri na kulala kwenye mkeka mtupu. Huko alijifunza kusoma vitabu vya picha na, wenzake wanashuhudia, kuiba mikate ya mahindi jikoni bila kushikwa.

Mwaka wa Tete Sita baba yake alifariki. Kila mtu alimtazamia kaka yake Tochtzin, kifungua mimba na shujaa wa vita, arithi kiti. Baraza la wazee likamchagua Mazatzin. Tochtzin alijifungia nyumbani na wapiganaji wake, mji mzima ukawa roho juu. Marehemu aliwakataa walinzi, akaenda peke yake mchana kweupe.

"Umekuja kunicheka?" Tochtzin alimuuliza.

"Nimekuja kula, kaka. Kule ikulu wananipikia kama mgonjwa, hata pilipili hamna."

"Na hao wazee wako?"

"Wamenipa kiti tu. Akili ya vita unayo wewe. Njoo uwe jemadari wangu. Nikifa, mwanao na mwana nitakayempata wasimame sawa mbele ya baraza."

Tochtzin akamwita mkewe aongeze chapati za mahindi. Halikumwagika tone la damu. Wengi tulio hapa tuna baba na waume kwa sababu ya mlo ule.

Mwaka uliofuata marehemu alimwoa Bibi Xiuhtzin. Akichelewa barazani, bibi alimtumia mjumbe: "Mwambieni mtawala, chakula hakijui cheo, kinapoa." Wazee walicheka, kikao kikafungwa. Marehemu ndiye aliyetuchimbia mfereji wa maji matamu.

Msimu wa mvua uliopita miguu ilimvimba, pumzi ikawa nzito. Aliwaita wazee akawaambia, "Msimpendelee mwanangu kwa ajili yangu." Alifariki asubuhi, siku ya Ua Mbili, mwaka wa Gumegume Tano, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Baraza limemchagua Quiyauhtzin, mwana wa Tochtzin. Jana Itzcuin, mwana wa marehemu, ndiye aliyemfunga binamu yake joho la utawala shingoni, wakakumbatiana.

Marehemu ameacha mjane, Itzcuin, mabinti wawili, na kaka yake Tochtzin, ambaye tangu juzi hajabanduka kando ya mwili.

Mtukufu, mbwa wako wa manjano, kiongozi wa wafu, akuvushe mto wa kuzimu salama, ukapumzike. Umetuachia mji mzima.