Mwalimu Saif na Fomu Iliyotushusha Daraja

Wasikilizaji wapendwa, mnaotusikia mkiwa ndani kama tulivyo sisi, leo tunamkumbuka Mwalimu Saif Haidar. Alifariki tarehe tisa Septemba mwaka huu wa 2021, nyumbani kwake Villawood, hapa Sydney. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Nitasema ninayoyajua. Nitasema na kosa lake, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Saif alizaliwa Tanga. Hapa Sydney alifundisha hesabu katika Chuo cha Ufundi cha Calder. Kwa miaka kumi na moja alikuwa pia meneja wa timu ya kandanda ya chuo, bila malipo. Alifua jezi. Alijaza fomu. Kosa lake lilikuwa kwenye fomu.

Hadi mwaka 2019, Calder ilicheza daraja la kwanza la ligi ya vyuo. Mwaka huo ikashuka. Haikushushwa na mabao. Ilishushwa na tarehe.

Ilikuwa Februari, siku ya kusajili wachezaji. Mshambuliaji Vénérand Habonimana, Mrundi aliyezaliwa kambini Kigoma, aliulizwa alizaliwa lini. Akajibu: tarehe moja Januari. Saif akaweka kalamu chini. Huyo alikuwa mchezaji wa nne kujibu hivyo asubuhi ile.

"Nyote mmezaliwa mwaka mpya? Kambi nzima ilikuwa na mkunga mmoja, tena wa siku moja?"

"Mwalimu, andika tu ile ya visa. Ni easy."

Wengi wenu mnajua sababu. Makambini, asiyeweza kuthibitisha siku aliandikiwa tarehe moja Januari, na tarehe hiyo ikasafiri naye hadi Australia. Saif hakuridhika. Alimpigia simu mama yake Vénérand, Bi Concilie Ntakirutimana, anayehudumia wazee huko Seven Hills. Mama akasema bila kusita: tarehe kumi na saba Agosti, 1999. Saif akaandika hiyo.

Kocha Ogutu, Mkenya, alikuwapo. "Nilimwambia, Mwalimu, achana na hiyo, andika ya karatasi twende zetu. Akaniambia, 'Fomu inauliza kijana alizaliwa lini. Haiulizi karatasi ilizaliwa lini.' Sasa hapo utamjibu nini mtu wa hesabu?"

Vénérand alicheza mechi tatu, na Calder ikashinda zote. Kisha ligi ikalinganisha fomu na visa. Tarehe hazikulingana. Mchezaji akahesabiwa hakusajiliwa, na pointi tisa zikafutwa. Calder ilikuwa ya nne. Ikawa ya pili kutoka mkiani. Ikashuka.

Chuo kikampa Saif misimu mitatu. Isiporudi daraja la kwanza, timu itavunjwa. Misimu mitatu: 2020, 2021, 2022. Yashikeni hayo.

Msimu wa 2020 ulikatizwa na korona. Hakuna aliyepanda. Mwaka 2021 Calder iliongoza kwa pointi tano, zikiwa zimebaki mechi nne. Vénérand, safari hii kasajiliwa kwa tarehe ya visa, peke yake alikuwa na mabao kumi na moja. Mwishoni mwa Juni jiji likafungwa.

Tulikatazwa kwenda zaidi ya kilometa tano kutoka nyumbani. Saif alitandaza ramani mezani, akachukua bikari, akachora duara kwa kila mchezaji. Duara kumi na nane. Uwanja wao haukuwa ndani ya hata moja.

Mkewe, Bi Suad, anasema ramani hiyo ilikaa mezani wiki saba. "Tukala pembeni yake. Dirisha letu linatazama uzio wa kituo wanakozuiliwa wahamiaji. Akaniambia, 'Mama Muna, wale wana uzio, sisi tuna bikari.' Nikamwambia, basi futa hizo duara, nipate pa kuweka sahani. Hakufuta."

Agosti msimu ukafutwa tena. Ogutu alimpigia simu kwa hasira. "Nikamwambia wametuonea mara mbili. Akanisahihisha. 'Mara moja, Ogutu. Ile ya kwanza nilikosea mimi. Nilipaswa kusahihisha visa kwanza, fomu baadaye.'"

Na hilo ndilo alilokuwa akilifanya tangu Machi: kusahihisha tarehe yenyewe. Bi Concilie alikuwa na kadi ya kliniki ya kambini, imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakuwahi kuionyesha popote. Nilimuuliza kwa nini.

"Niliogopa, mama. Ile visa tuliingoja miaka kumi na mbili. Nikigusa karatasi moja, nikajua watazichukua zote. Mwalimu alikuja mlangoni pangu, akasimama huko nje na maski, akasema, 'Dada Concilie, siichukui kadi. Niipige picha tu.' Ndiyo nikamupatia."

Ofisi za uhamiaji zilifungwa. Saif aliandika barua kumi na nne. Alikufa bila jibu. Mazishini waliruhusiwa watu kumi. Wachezaji waliswali na kusali majumbani, kila mmoja ndani ya duara lake, wakitazama mazishi kwenye simu.

Jibu lilifika tarehe ishirini na moja Septemba, siku kumi na mbili baada ya kifo chake. Tarehe imesahihishwa: kumi na saba Agosti, 1999. Pointi tisa hazirudi. Lakini kanuni ya ligi inataka mchezaji awe chini ya miaka ishirini na mitatu ifikapo Machi mosi. Kwa tarehe ya zamani, Januari mosi 1999, Vénérand angekuwa ameshavuka. Kwa tarehe ya kweli, ana msimu mmoja. Timu nayo ina msimu mmoja.

Kwa Bi Suad, kwa binti yake Muna, na kwa wana Calder wote, tunatoa pole zetu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nanyi mlio ndani, toeni karatasi zenu leo mzisome. Kama kuna mahali zinasema uongo juu yenu, anzeni sasa, kwa sababu jibu huchelewa.

Bi Suad ameniambia fomu za 2022 zilikuwa chini ya ile ramani. Saif alikwishajaza ya Vénérand, kwa wino, kabla ya jibu kuja. Kumi na saba Agosti.