Konekta Tuliyomwachia Mzee Utepe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa antena anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Ana jina lake kamili kwenye faili, lakini ukilitaja hapa kituoni watu watakuuliza ni nani huyo. Sisi tunamjua kama Mzee Utepe.

Alianza kazi kama mbeba ngazi, enzi hizo kituo chetu cha redio za ridhaa kikiwa chumba kimoja chenye dirisha bovu. Fundi wa kwanza alipoondoka, akakabidhiwa paa lote. Tangu hapo wanachama wetu, hao wapenzi wa redio wanaozungumza na wenzao wa mbali kutoka sebuleni kwao, hawakutaka fundi mwingine.

Utaalamu wake ulikuwa pale kebo inapokutana na antena, mahali ambapo mvua hupenda kujipenyeza. Konekta, yaani kiungo chenyewe, aliizungushia kwanza utepe wa umeme, kisha ule wa mpira unaovutwa ukajishika wenyewe, kisha wa umeme tena. Tabaka la mwisho alilianzia chini akapanda juu, kama anayeezeka nyumba, ili maji yateleze nje. Ncha aliikunja kidogo, atakayekuja kufungua asihangaike na kisu. Siku moja mhasibu wetu alijitia kumsaidia, akazungusha kuanzia juu kwenda chini. Mzee aliutazama ule utepe, akamtazama mhasibu, akampongeza kwa kuchimba kisima kizuri. Mhasibu anaitwa Kisima mpaka leo.

Hatuwezi kumuaga bila kumtaja dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada alikuwa na redio yake katika mji wa mbali, na kila Jumamosi mchana Mzee alivua glavu, akavuta kiti na kumwita hewani. Walicheka mno, hadi katibu wetu akawa anafunga mlango ili apate kuandika.

Mwaka jana sauti ya dada ikaanza kufifia. Mzee akailaumu konekta. Akapanda, akafumua utepe, hakukuta hata tone, akafunga upya. Jumamosi iliyofuata akapanda tena, na iliyofuata tena. Sindano ya redio ilionyesha mawimbi yanaingia kwa nguvu zote, lakini mtu aliyetufundisha sote kuiamini sindano hakutaka kuiangalia. Mwishowe dada mwenyewe alimwambia hewani, sote tukisikia: "Mdogo wangu, acha kupanda huko juu. Waya wako mzima. Ni mimi ninayekwisha."

Alizikwa kabla ya mwezi kuisha. Mzee alirudi kazini, akaendelea kufunga konekta za watu kama kawaida, ila redio hakuigusa tena. Jumamosi mchana hunawa mikono, akaaga, akaenda zake. Imetuuma sana, na leo inatuuma zaidi, kwa sababu nyumba anayoirudia haina mtu wa kumsemesha.

Kwa hiyo safari hii hatukununua saa ya ukutani, kama tunavyowaagia wastaafu wengine. Leo asubuhi, yeye akiwa hapa kituoni akikabidhi funguo, wenzake wamemsimamishia antena juu ya nyumba yake. Mezani kwake ipo redio ya marehemu dada yake, aliyotuletea mpwa wake, imefutwa vumbi na kuunganishwa. Kila kitu kiko tayari isipokuwa konekta ya juu ya paa, ambayo tumeiacha wazi. Kisima alijitolea kuizungushia utepe, tukamkatalia kwa kauli moja.

Asante, Mzee Utepe, kwa kutulindia kila kiungo na kwa subira yako juu ya mikono yetu mizito. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zenye watu ndani yake. Jumamosi mchana, saa ile ile, tutakuita hewani, na usipojibu tutaita tena Jumamosi ijayo. Utepe tumeuacha kwenye ngazi. Mvua zinakaribia, Mzee, panda uifunge.