Mama Vioo na Vitofali Elfu Kumi na Tisa

Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada la ratiba. Humu ndani ataitwa Mama Vioo, maana ndivyo walivyomwita kazini kwa miaka thelathini na minane, na ndilo jina aliloliitikia upesi zaidi. Wiki tatu kabla ya kufariki alimwita mdogo wake, huyu anayewasomea haya, akamwambia: "Usije ukanipamba. Watu wakishakufa wote wanakuwa wapole na wakarimu. Andika yaliyotokea." Mdogo wake akaahidi, na ahadi ni deni.

Mama Vioo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, mama alikuwa mshonaji. Baba alikuwa akirudi na herufi za risasi zilizochakaa, watoto wanachezea sakafuni, na kwa kuwa herufi za chapa zimegeuzwa, huyu binti alijua kusoma kinyumenyume kabla ya kusoma kama watu. Alipoanza darasa la kwanza Januari 1968 aliandika jina lake lote limegeuka. Mwalimu akamwita mama na kumwambia mtoto ana kasoro kichwani. Mama alitoa kioo kidogo kwenye mkoba, akakiweka mbele ya daftari, akasema, "Haya, mwalimu, soma sasa." Hadithi hiyo ilisimuliwa nyumbani hadi ikachujuka.

Alimaliza sekondari Novemba 1979. Alitaka uuguzi. Alipofika chuoni orodha ya wauguzi ilikuwa imejaa, karani akamwambia imebaki nafasi moja ya maabara. "Maabara ya kufanya nini?" akauliza. "Kukata vipande vya wagonjwa." "Kwani wagonjwa wenyewe wanakubali?" Karani alicheka mpaka akamwandika. Alihitimu Juni 1983, wa pili katika darasa la watu kumi na tisa.

Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo aliripoti hospitali kuu, idara ya patholojia, chumba cha mwisho koridoni, jirani na chumba cha maiti. Kilikuwa na dirisha moja la nje lisilofunguka, kidirisha cha kutolea majibu, beseni la maji ya uvuguvugu, na meza iliyochimbika kwa dawa. Kazi yake wengi hamkuielewa, na yeye alichoka kuieleza. Mgonjwa akikatwa uvimbe, kipande kinaletwa ndani ya fomalini, dawa kali ya kuzuia kuoza. Kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta iliyoyeyuka, kinatoka kitofali kidogo kama nusu ya kiberiti. Yeye alikinyoa kwa mashine, utando mwepesi kuliko ganda la kitunguu, akaulaza juu ya maji, akaudaka kwa kioo, akautia rangi ya waridi na zambarau, akampelekea daktari wa hadubini. Daktari akisoma, kioo kinarudi. Kitofali hakitupwi. Alivipanga kwenye rafu za mbao kwa namba na mwaka, kila kimoja na mstari wake kwenye rejista. Alipostaafu vilikuwa elfu kumi na tisa na ushei.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, na fundi saa. Asubuhi ya harusi alipitia maabara kuhamisha vipande kutoka chupa moja hadi nyingine, maana zamu ilikuwa yake na vipande havijui harusi. Bwana harusi, mtu wa saa, alisubiri saa nzima na dakika ishirini na mbili. Alizihesabu, na hakuacha kuzitaja. Harufu ya fomalini haikutoka nywelini mwa mkewe, na mumewe alizoea kusema, "Sijui nimeoa mke au nimeoa chupa." Nyumbani nyanya za kachumbari alikata mke tu, vipande vyembamba kama vya maabara. Mumewe alikuwa akiinua kipande juu ya gazeti anasoma habari kupitia kipande hicho, wageni wanacheka. Walijaliwa mabinti wawili, 1989 na 1993.

Julai 2007 mwanamke mmoja, muuza mitumba, alikuja dirishani kufuata majibu ya mwanawe wa miaka mitatu, aliyekatwa tezi shingoni. Akauliza, "Dada, na huyu atakuwa kama wenzake?"

"Wenzake gani?"

"Kaka zake wawili. Wote mliwapima humu humu. Dada yao tu ndiye mzima."

Mama Vioo alishusha rejista. Wa kwanza, 1998. Wa pili, 2002. Wote wameandikiwa kifua kikuu, wote walikufa wakinywa dawa zake. Akavitoa vitofali vyao, akavikata upya. Kwenye hadubini akaona vifundo vilevile katika watoto wote watatu, vifundo vya mtu mwenye kifua kikuu kabisa. Lakini alipotia rangi ya kusaka bakteria wa ugonjwa huo hakuona hata mmoja. Alirudia mara nne. Akabeba vioo kwa daktari mkuu wa patholojia.

"Daktari, hawa ni wa mama mmoja. Bakteria hawapo. Wavulana watatu, na dada yao ni mzima kama kigingi."

"Watoto wa maskini wanaugua kifua kikuu, Mama Vioo. Hilo si fumbo."

"Labda tuandike wachunguzwe kinga ya mwili."

"Wewe kata. Kusoma niachie mimi."

Alirudi chumbani kwake akakata. Yule mtoto alifariki tarehe 19 Agosti 2007. Wakwe walisema mama ana mkono mbaya, kila anachozaa kinaoza, na mume akamrudisha kwao. Mama Vioo alijua yote hayo, kwa sababu alikuwa akinunua nguo pale gengeni kwake kila mwezi, nguo asizozihitaji. Hakumwambia lolote. Kwa miaka mitano alinyamaza kwa kuwa alifokewa. Aliomba jambo hili lisiachwe nje ya wasifu wake, kwani ndilo lililomla kuliko ugonjwa.

Mwaka 2012 alikuja mtafiti wa kinga ya mwili, binti wa watu mwenye miwani mikubwa, akitafuta vipande vya zamani vya watoto waliokufa kwa maambukizi yasiyoeleweka. Kabla hajakaa, Mama Vioo aliweka vitofali vitatu mezani. "Anza na hawa."

Wakati huo yule mama alikuwa ameolewa tena, na alikuwa na mvulana wa miezi kumi na minane mwenye jipu lisilopona. Mtafiti alichukua damu ya mtoto na ya mama. Mtu akiwa mzima, chembe nyeupe za damu zinameza vijidudu na kuviua, na ukizitia dawa ya kipimo zinageuka buluu iliyokoza. Za mtoto zilibaki nyeupe pe. Zilikuwa zikimeza, lakini kuua haziwezi, ni kama mtu aliyemfungia mwizi chumbani kisha akakosa hata fimbo. Za mama zilikuwa nusu buluu, nusu nyeupe. Ni ugonjwa wa kurithi. Mama anaubeba bila kuumwa, mwana wa kiume ndiye anayeumwa.

Yule mama alisoma karatasi ya majibu. "Kwa hiyo wakwe walisema kweli. Ni mimi."

"Ulibeba bila kujua," Mama Vioo akamjibu. "Mimi nilishuku tangu huyu wa tatu yuko hai, nikanyamaza. Kama tunagawana lawama, fungu langu nipe."

Hawakusemeshana mwezi mzima. Kisha mama akarudi dirishani, akauliza ile dawa ya kila siku mtoto anywe kabla ya chakula au baada. Mtoto alikuwa ameandikiwa dawa mbili, moja ya kuzuia bakteria, nyingine ya kuzuia kuvu, maisha yake yote. Jipu likapona.

Makala ya utafiti ilichapishwa Mei 2014. Ilisifiwa, kwa kuwa ugonjwa huo ulikuwa haujaandikwa kabla katika sehemu zetu hizi. Waandishi walikuwa kumi na mmoja, na wa kwanza ni daktari mkuu. Mama Vioo aliisoma mara tatu kwa miwani ya mumewe. Mwishoni ilisema: "Tunawashukuru mafundi wa maabara." Mtafiti alimpigia simu akilia. Alikuwa ameliandika jina la Mama Vioo liwe la nne kati ya waandishi, daktari mkuu akalifuta, akasema fundi si mwandishi. "Nisamehe, Mama. Bila sahihi yake nisingemaliza shahada."

"Nimekusikia, mwanangu," alijibu, akakata simu. Hakusema amemsamehe. Daktari mkuu alipewa ngao ya kioo kwa ugunduzi huo, na tafrija ilifanyika ukumbi wa hospitali. Mafundi waliombwa kupanga viti.

Yeye alichukua penseli nyekundu na kuanza kupekua rejista tangu 1983, baada ya saa za kazi, peke yake, miaka mitatu. Alipata familia nyingine sita ambazo vipande vya wavulana wao vilirudi kwenye rafu zake mara mbili au tatu. Alipeleka orodha kwa daktari mkuu. Ikakaa. Akaipeleka tena kwa aliyemrithi. Ikakaa. Akina mama hao sita, hadi leo tunaposoma haya, hakuna aliyewahi kupigiwa simu na hospitali.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021. Februari 2022 mfagizi wa idara, rafiki yake wa siku nyingi, alimpigia: "Mama, wanavitoa vitofali vyako kwa toroli." Alikwenda na kandambili. Chumba kilikuwa kinageuzwa kuwa ofisi ya kamati. Mkuu wa utawala alimpokea kwa adabu zote. "Mama, ni nta tu hii, imejaa vumbi."

"Kuna watu humo, na wengine tuliwasoma vibaya. Nipe siku mbili nitoe vya zile familia sita."

"Bahati mbaya tanuri limeshawashwa."

Alisimama uani akiangalia moshi. Nta ikiungua inanukia kama mishumaa, alisema baadaye, ungedhani kuna sherehe. Alipata kuokoa rejista tu, madaftari kumi na manne, na wala hakuomba ruhusa.

Machi 2023 alianza kutoka damu puani, sikio likaziba, kisha uvimbe shingoni. Yeye mwenyewe aliubonyeza na kusema, "Huu si mafua." Alikatwa kipande tarehe 17 Aprili, katika hospitali ileile. Wiki ya kwanza majibu hayakutoka, ya pili hayakutoka. Mashine ya kukatia ilikuwa imekufa, nta imeisha stoo, na fundi aliyefundishwa kazi na yeye alikuwa amehamishiwa mapokezi. Wiki ya sita alijikokota hadi dirishani pake, palepale alipokaa miaka yote, akamwambia kijana aliyekuwa pale, "Nipeni kisu na nta nijikate mwenyewe." Kijana alidhani anatania.

Majibu yalitoka tarehe 30 Juni, wiki kumi na siku nne baadaye. Saratani ya nyuma ya pua, imeshaingia kwenye tezi. Daktari wa mionzi alimuuliza alifanya kazi gani, akamwambia. Akamuuliza kama chumba kilikuwa na feni ya kutoa hewa, Mama Vioo akacheka mpaka akakohoa. Feni iliharibika 1994. Barua za kuomba itengenezwe ziko tisa, na nakala zake tunazo. Daktari hakuapa kwamba ni fomalini iliyomletea ugonjwa, nasi hatuapi. Alisema tu kwamba wangeanza matibabu Aprili wangezungumza lugha nyingine.

Mumewe alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko cha chai, akafunga kibanda chake cha saa na hajakifungua tena. Maumivu yalikuwa makali na hakuyavumilia kishujaa. Alilia, alitukana, alituma watu kuita madaktari waliokuwa likizo. Siku nyingine alitulia, anawahadithia mabinti zake vituko vya maabara. Muuza mitumba alikuja kila Ijumaa, anakaa kitandani anamkanda miguu, wawili hao hawazungumzi sana. Mama Vioo alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka wawili na mdogo wake mmoja wa kike. Ameacha pia madaftari kumi na manne. Yeyote aliye hapa leo, ambaye alizika wavulana wawili au zaidi na akaambiwa ni kifua kikuu, aje nyumbani baada ya mazishi. Tutaangalia pamoja, na namba ya yule mtafiti tunayo. Amekubali kupokea simu.

Hospitali iliomba dakika tano katika ratiba hii ili daktari mkuu mstaafu atoe salamu. Familia imepokea shada lake na imekataa dakika. Hizo dakika amepewa muuza mitumba, aliyekaa mstari wa pili na mwanawe wa kiume wa nne, ambaye mwezi uliopita alitimiza miaka kumi na mitatu. Ametuambia hajawahi kusema mbele ya watu. Akichelewa kuanza, tunawaomba msubiri.

Ardhi impokee kwa upole, naye alale salama.