Mgongaji wa Meza

Ndani ya treni, Oloo alifumba macho kama aliyelala, maana ndivyo mtu mwenye adabu anavyosikiliza ya watu. Mbele yake kijana Mkongo alikuwa akimweleza mama mmoja, aliyekutana naye humo humo, kazi yake ya wikendi. Katika nyumba moja ya kale mjini, watu hulipa kukaa gizani kuita roho za wafu, kama Wazungu walivyojiburudisha karne ya kumi na tisa. Yeye hujificha chini ya meza na kugonga kwa mguu, kana kwamba ni roho inayojibu.

"Mimi ndiye marehemu wa kila mtu," alicheka.

Mama hakucheka. "Nimekata tiketi ya huko, ya Jumamosi. Mama yangu alizikwa Bukavu, mimi namtazama kwa simu. Ikakatika kabla ya udongo."

"Pasta wa kanisa lako anajua?"

"Kwani wewe unamjua, umwambie?"

"Usije, mama. Itakuwa mguu wangu tu."

"Najua."

Oloo akajikuta amefumbua macho.

"Mama yangu hakuingia kwa mtu bila kupiga hodi mara tatu," alisema yule mama. "Basi gonga tatu, mwanangu. Nami niitikie karibu."

Milango ikafunguka kituo cha Guildford. Kijana bado alikuwa akitazama viatu vyake, vile vya kugongea.