Dume la Saruji Uwanjani

Kijiwe chetu hapa Mogitu ni gogo na benchi bovu mbele ya birika la Bernadina, muuza chai, kando ya uwanja wa wazi tunaochezea mpira, tunaoanikia mahindi na kupitishia ng'ombe. Katikati yake Yonas, fundi wa saruji, alikuwa ametujengea dume la ng'ombe. Jamani, dume lile! Nimeswaga ng'ombe tangu utoto, sijawahi kuona saruji inayomtazama mtu namna ile. Yalibaki masikio tu. Kwetu kila ukoo hukata masikio ya mifugo yake kwa alama yake, na Yonas alikuja na tindo kuuliza akate alama ya nani. Wote tulielewa: atakayepata sikio amepata uwanja.

— Kata yangu, alisema mzee Gidamis, mfugaji. Leo ng'ombe wangu wamegoma kupita. Dume langu limeliinamishia kichwa hili. Limetambua ndugu yake!

— Ndugu wapi? alidakia Basili, mkulima tunayemwita Redio kwa kuwa hazimi. Mchanga tumeusomba sisi kwa mikokoteni yetu. Tena jana mvua ilipokatika nimeliona linatoa mvuke puani.

— Mvuke tu? Bernadina aliweka birika chini. Mimi nikifika alfajiri nakuta umande kote, ila chini yake pakavu. Tena pana joto, kama ng'ombe ametoka kulala hapo.

— Usinitishe! alisema Basili.

— Nimegusa kwa mkono huu.

Sote tukaligeukia.

— Basi Yonas, sikio la kushoto, mikato miwili, alisema Gidamis.

— Thubutu! Kesho utatukataza kuanika mahindi.

— Na nyie mtalima mpaka golini!

Yonas alishapanda kwenye stuli. Ndipo akatokea bibi mmoja, mgeni, kapu la viazi kichwani, mkubwa kwa umri hata kuliko Gidamis.

— Shikamoo mama, tulimwamkia mara moja, ugomvi ukakatika.

— Marahaba, wanangu. Akalitazama dume, kiganja mdomoni. Uuwi! Mwenye ng'ombe huyu ni nani? Nimechoka, nimwombe ruhusa nikae kivulini.

Basili alimtazama Gidamis. Gidamis alitazama viatu vyake. Hakuna aliyeweza kusema "ni wangu" na kumfanya mama yule aombe ruhusa ya kukaa kwenye uwanja wa wote.

— Kaa tu, mama, Gidamis alisema mwishowe.

Akakaa, akaegemea mguu wa dume, akafumba macho. Yonas alishuka polepole, akarudisha tindo mfukoni.