Waandishi Wawili Niliowafanya Mmoja

Assalamu alaykum, na wenzetu wa kanisani, habari za asubuhi. Mwaka jana kwenye kikao chetu hiki cha wanaoandika mliniona nimekaa pale nyuma mwezi mzima bila kufungua mdomo, mkadhani nina mgonjwa nyumbani. Sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa na orodha ya marejeo.

Chekeni tu. Mume wangu pia alicheka, mpaka aliponikuta nimekaa sakafuni na kompyuta mapajani, nalia.

Wengi mnanijua, mimi ni afisa mifugo hapa Garissa. Shahada yangu ya uzamili niliisoma nikiwa kazini, na utafiti ulikuwa kuhusu kikohozi cha ngamia. Tasnifu ilipita vizuri. Lakini chuo kilinidai jambo moja kabla ya kunipa joho: makala yangu ikubaliwe na jarida la kitaaluma. Nikasema hiyo ni kazi ya wiki mbili. Ndugu zangu, kama mtu angenirekodi siku ile!

Mswada wa kwanza ulirudi siku ile ile niliyoutuma. Walisema marejeo hayafuati mtindo wa jarida. Nikatazama, sikuona kosa. Nilikuwa nimewapanga waandishi kama sisi tunavyopangana kwenye rejista ya kisima: Abdi kwenye A, Yusuf kwenye Y. Sisi mtu ni jina lake. Baba na babu wanamfuata nyuma. Kumbe jarida linataka jina la mwisho litangulie, yaani la babu, na lake mwenyewe libaki herufi moja tu.

Basi nikawageuza wote. Nikawageuza hata Wazungu ambao jina lao la mwisho lilikuwa tayari limetangulia! Ukarudi mara ya pili. Mara hii ni alama za nukta, herufi za mlazo kwenye majina ya majarida, namba za kurasa. Nikarekebisha nukta, majina ya majarida yakahama. Nikanunua muda wa intaneti, programu ya kupanga marejeo ikagoma. Nikampigia msimamizi wangu, akaniambia nisome mwongozo. Nilikuwa nimeusoma mpaka macho yananiuma. Nawaambia kweli, nimeingiza mkono ndani ya ngamia anayezaa vibaya, kwenye vumbi, bila maji, na sikuogopa. Orodha ile iliniogopesha. Nilijiona mjinga, na mtu akishajiona mjinga hata kilichoandikwa mbele yake hakioni.

Mara ya tatu ikapita, ikafika kwa mhakiki. Akaandika hivi: huyu Mohamed A. H. unamtaja mara mbili, kwanza anasema kikohozi huja na mvua, halafu anasema huja na kiangazi. Eleza. Nami kwa uchovu wangu nikaeleza! Nikaandika kwamba mwandishi huyu alibadilisha msimamo bila kutoa sababu. Niliona nimeandika kisomi sana.

Mhariri akajibu kwamba imebaki hatua moja, nihakikishe kila rejeo, nirudishe. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Orodha ya chuo ya wanaohitimu ingefungwa Ijumaa adhuhuri. Nikishaikosa, nangoja mwaka mzima, na barua ya kupandishwa cheo nayo inangoja.

Nikaenda maktaba. Pale kuna mama Mkamba aliyehamishiwa hapa, mpole, hana haraka. Akakaa nami, akafuata orodha kwa kidole. Alipofika kwa Mohamed A. H. akasimama.

"Bi Afisa, huyu Mohamed anaitwa nani?"

"Mohamed."

"Hilo si la babu yake? Wewe ndiye uliyenifundisha sasa hivi. Yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Sikujua. Makala zote mbili zilichapwa kwa herufi tu. Mimi, Msomali, binti wa watu, ninayeweza kukutajia babu zangu mpaka wa kumi na tano, nilikuwa nimemsema mtu vibaya na simjui hata jina.

Nikampigia adeer yangu, ndugu wa baba, anayeuza ngamia sokoni. Nikamwambia namtafuta msomi fulani wa mifugo, babu yake Mohamed. Akaniuliza, "Wa nani?" Nikasema sijui.

"Umekula maneno ya mtu na hujui ni mtoto wa nani?"

Wallahi aliniaibisha. Lakini alianza kupiga simu. Mnajua tunavyotafutana sisi: huyu wa ukoo upi, mjomba wake nani, alioa wapi. Jumanne ikaisha. Jumatano mtandao ulipotea mji mzima, na mimi nikakaa tu nikiitazama simu. Hakuna nililoweza kufanya. Niliomba dua, nikapika, nikaunguza chakula.

Alhamisi alasiri mtu akanipigia kutoka Mandera. Sitataja jina lake la kweli, tumwite Abdi. Nilipomsomea sentensi yangu ile ya kisomi, hakukasirika.

"Dada, ya kiangazi ni yangu. Ya mvua si yangu. Ile aliandika Ahmed. Tulisoma darasa moja, baba zetu wote majina yao yanaanza na H, babu zetu wote Mohamed. Alikuwa kazini Dadaab. Amefariki."

Nilikuwa nimemchukua marehemu nikamtia ndani ya mtu aliye hai, kisha nikamwita kigeugeu.

Abdi akaniambia kosa langu si geni, watu wengi wameshawachanganya. Akanipa namba ya mjane wa Ahmed ili nipate jina kamili, nami nikampigia jioni ile ile, akanitajia.

Sasa sikieni, hapa shetani alikaa nami. Ningeituma ilivyo, nani angejua? Mhariri alikuwa ameridhika. Orodha ya mahafali ingenipokea. Lakini kutenganisha watu wawili si kubadilisha mstari mmoja. Majina yao yalikuwa kila mahali, na sehemu nzima ya mjadala niliijenga juu ya yule kigeugeu ambaye hakuwahi kuwepo. Mama wa maktaba alinionyesha kanuni: majina na herufi zikifanana, jina la kwanza liandikwe kamili. Nikaanza kuandika upya asubuhi ya Ijumaa. Adhuhuri ikapita mikono yangu iko kwenye kibodi. Nikasikia adhana nikajua nimekosa. Nikaswali, nikarudi, nikamaliza. Nikatuma saa kumi.

Makala ilikubaliwa. Joho sijavaa, nitavaa mwaka huu inshallah. Cheo kilienda kwa mwenzangu, na siwezi kuwadanganya, iliniuma. Bado inaniuma nikimwona kwenye kile kiti.

Namshukuru mama wa maktaba kwa swali lake moja. Namshukuru adeer kwa kuniaibisha. Namshukuru yule wa Mandera kwa upole wake. Na ninyi mnaoandika sasa, msiiachie kompyuta watu mnaowataja. Ukimtaja mtu, ujue ni nani. Na ukikwama, sema umekwama mapema. Mimi nilinyamaza hapo nyuma mwezi mzima na maktaba iko kando ya ofisi yangu.

Makala ilipotoka nilimpigia tena mjane wa Ahmed. Hajui Kiingereza, lakini nilimsomea ule mstari polepole: babu, mume wake, baba, jina la makala, jarida. Nikadhani laini imekatika.

"Upo, mama?"

"Nipo. Nimewaita watoto," akasema. "Soma tena."